Mradi Mdogo Uwe na Kusudi

Ndugu msomaji, bila shaka katika nyumba yako, au katika nyumba ya pili kutoka kwako, kuna mradi mdogo. Kama si meza ya mboga mbele ya mlango, ni cherehani ukumbini. Kama si banda la kuku uani, ni jokofu la kuuzia maziwa na barafu. Mshahara ni wa mwezi, lakini tumbo ni la kila siku, na wafanyakazi wa mijini wamekwisha kujifunza kwamba pengo lililopo kati ya katikati ya mwezi na siku ya mshahara halizibwi kwa maneno. Wako pia wanaokaribia kustaafu, ambao huhesabu kiinua mgongo chao kabla hawajakipokea, wakijiuliza watakipanda wapi kisiote miiba.

Zamani watu hao waliitwa wenye miradi midogo. Siku hizi huitwa wajasiriamali. Jina si hoja. Hoja ni hii: kwa nini miradi mingi hufa ingali michanga, michache husimama, na michache zaidi hukua hata ikawa na maana kwa watu wasio wa familia ya mwenyewe? Swali hili lina uzito, kwa sababu nyuma ya kila mradi unaokufa kuna ada ya mtoto, akiba ya miaka, na mara nyingine amani ya nyumba nzima. Ili tulitazame vizuri, tutoke kidogo mjini, twende hadi Igowole.

IGOWOLE NI KIOO

Igowole ipo wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Ukisafiri kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, ukaupita mji wa Mafinga, utafika Nyololo. Hapo utaiacha barabara kuu na kushika njia iendayo Igowole na Kibao. Ni nchi ya baridi na ukungu, ya mashamba ya chai, ya mahindi, njegere na viazi mviringo, na ya miti ya misindano iliyopandwa na Serikali, makampuni na wananchi wenyewe. Msitu mkubwa wa kupandwa wa Sao Hill umo katika wilaya hiyo hiyo, na huko Mgololo kipo kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980.

Msomaji wa mjini asidhani kwamba mambo ya Igowole ni mageni kwake. Mfanyabiashara mdogo wa huko huishi kwa msimu kama mfanyakazi wa mjini anavyoishi kwa mshahara. Mvua inapokuwa nyingi, chai huchipua kwa wingi, wachumaji hupata fedha, na vibanda huchangamka. Baridi ikiingia, majani hupungua, na pamoja nayo hupungua wateja. Mahindi yakivunwa fedha hurudi; yakiisha, hukimbia. Kwa hiyo anayefanya biashara Igowole hana budi kuvuka mto ule ule anaouvuka muuza chipsi wa Mbagala au fundi seremala wa Mwanjelwa: mto ulio kati ya fedha ya leo na haja za kesho.

HATUA YA KWANZA: KUGANGA NJAA

Mradi karibu wote huanza kwa kuganga njaa. Hakuna aibu katika jambo hilo. Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja anakaanga maandazi na kuchemsha chai alfajiri, akiwauzia wachumaji wa chai na wapasuaji wa mbao. Kwa siku anauza maandazi na chai ya shilingi 20,000. Unga, mafuta, sukari na kuni humgharimu shilingi 14,000. Ukimwuliza anapata nini, atakujibu kwamba anapata shilingi 6,000, naye ataamini asemavyo.

Lakini tumfuate mpaka jioni. Katika zile 20,000, shilingi 2,000 zimo midomoni mwa wateja waliosema, "Mama, andika, nitalipa Jumamosi." Njiani kurudi nyumbani amenunua kitoweo na unga wa ugali kwa shilingi 3,000, akizitoa katika mkoba ule ule wa biashara. Zimebaki 15,000 mkononi, na kesho alfajiri anahitaji 14,000 za kununulia bidhaa. Faida yake halisi ya siku, ile iwezayo kukaa, ni shilingi 1,000 tu.

Sasa mtoto apatwe na homa, au pawe na msiba kwa jirani ambapo hana budi kutoa rambirambi. Shilingi 5,000 zinatoka. Kesho yake hana 14,000, ana 10,000. Anapunguza unga, maandazi yanapungua, mauzo nayo yanapungua. Bandu bandu humaliza gogo. Baada ya miezi mitatu majirani watasema mradi umekufa kwa sababu mama huyo "hana bahati" au kwa sababu ya "jicho la watu". Hakuna jicho. Mtaji uliliwa kidogo kidogo, na mwenyewe hakuuona ukiliwa, kwa kuwa fedha ya jikoni na fedha ya biashara zililala katika mkoba mmoja.

Kuna ugonjwa wa pili wa hatua hii, nao ni kuiga. Mtu mmoja akifungua kibanda cha chipsi kikapata wateja, mwezi haujaisha vibanda vimekuwa vitano, vyote vinakaanga viazi vile vile kwa wateja wale wale. Kila mmoja hujitahidi kushusha bei, hata hapana anayepata. Kumbe mwanzilishi wa pili angeliuliza, "Hapa panakosekana nini?" badala ya kuuliza, "Mwenzangu anauza nini?", pengine angeliwauzia wote watano viazi vilivyomenywa.

HATUA YA PILI: DAFTARI

Wazee wa biashara wanasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo umeandikwa katika kuta za maduka mengi, lakini ni maduka machache yenye daftari lenyewe.

Daftari si jambo la wasomi. Ni safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, kinachodaiwa. Mama wa maandazi akiwa na safu hizo kwa majuma mawili tu, ataona kwa macho yake kwamba jiko linakula mtaji. Hapo atafanya jambo ambalo huonekana dogo lakini ndilo mlango wa kutokea katika kuganga njaa: atajipangia mshahara. Atajilipa, tuseme, shilingi 2,500 kwa siku kama ambavyo angemlipa mtu baki, na zilizobaki zitakuwa za mradi, haziguswi. Siku mradi usipoweza kumlipa mshahara huo, atajua mapema kwamba kuna kasoro, kabla gogo halijaisha.

Jambo la kukopesha nalo lilisumbua watu kabla yetu. Mwaka 1844 watu 28, wafumaji na mafundi wengine, wa mji wa Rochdale, Uingereza, waliochoshwa na maduka ya kuuza unga uliochanganywa uchafu na mizani ya kudanganya, walichanga paundi 28 wakafungua duka lao wenyewe. Walianza na vitu vichache, kama unga, siagi na sukari. Walijiwekea masharti: mizani iwe ya haki, bidhaa iwe safi, fedha iwe taslimu, na faida igawiwe wanunuzi kwa kadiri kila mmoja alivyonunua. Sharti la fedha taslimu liliwauma watu maskini, lakini ndilo lililolilinda duka. Kutoka katika duka hilo dogo ulizaliwa ushirika ulioenea ulimwenguni. Hapa kwetu wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU.

Siku hizi vijijini na mijini ipo njia nyingine ya kulinda mtaji, nayo ni vikundi vya kuweka na kukopa, mashuhuri kwa jina la VICOBA. Wanachama hukutana kila juma, hununua hisa, hukopeshana, na huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu hushikwa na watu watatu tofauti. Tazama hekima yake, ndugu msomaji: msiba hulipiwa kutoka mfuko wa jamii, wala haulipiwi kutoka katika unga wa maandazi.

Serikali nayo imeweka milango yake. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, hufundisha usindikaji, ufungashaji na utunzaji wa hesabu, na humsaidia mwenye bidhaa kufika Shirika la Viwango. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejea mwaka 2024. Lakini ieleweke kwamba mkopo haumponyi asiye na daftari. Humwongezea kitu cha kupoteza, na deni la kulipa juu yake.

HATUA YA TATU: KUSUDI

Tuseme sasa mradi umesimama. Unalipa mshahara wa mwenyewe, una akiba, una wateja. Je, safari imekwisha? Wengi husema ndiyo. Huongeza meza ya pili, kisha ya tatu, kisha hununua pikipiki. Hata hivyo ipo miradi michache ambayo hapo ndipo inapoanza kuuliza swali jipya: "Tupo kwa ajili ya nini?"

Watu wengi hudhani kusudi ni sadaka: upate faida kwanza, kisha uwape mayatima madaftari na sabuni wakati wa sikukuu. Sadaka ni njema, na haina haja ya kutetewa hapa. Lakini kusudi la biashara ni jambo jingine. Kusudi hukaa ndani ya kazi yenyewe. Huamua nani aajiriwe, mali ghafi inunuliwe kwa nani na kwa bei gani, na kitu gani kisiuzwe hata kama kingeleta fedha.

Mfano mzuri upo Iringa mjini, mwendo wa nusu siku kutoka Igowole. Mwaka 2003 Susie Hart, mwanamke Mwingereza fundi wa kazi za sanaa, alianzisha karakana iitwayo Neema Crafts chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Ilianza na vijana watatu viziwi. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kutengeneza karatasi kwa mikono, na mali ghafi yao ilikuwa kinyesi cha tembo, ambacho kimejaa nyuzi za majani na magome.

Fikiri jinsi mwanzo huo ulivyokuwa mnyonge. Vijana watatu ambao katika jamii nyingi hawakuhesabiwa kuwa watu wa kuajiriwa, na mali ghafi ambayo watu huikwepa njiani. Lakini ndani yake mlikuwa na akili ya biashara. Mali ghafi ilikuwa rahisi. Bidhaa haikuwa na mfano wake dukani. Na Iringa ndiyo njia ya watalii waendao Hifadhi ya Ruaha, watu ambao wangependa kurudi kwao na karatasi iliyotokana na tembo waliowaona. Baadaye zikaongezeka kazi za kufuma, kushona na kutengeneza shanga, ukafunguliwa mkahawa unaohudumiwa na viziwi, ambapo mteja huandika anachotaka badala ya kuita kwa sauti, na huduma ya tiba ya viungo kwa watoto wenye ulemavu. Kutoka watu watatu, walioajiriwa walipita 100.

Kilichowafikisha hapo si huruma ya wateja. Mtu anaweza kununua kwa huruma mara moja. Mara ya pili hununua kwa sababu kitu ni kizuri. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyeketi katika mkahawa ule, akaletewa kahawa nzuri na kijana kiziwi mwenye adabu na haraka, hutoka na fikra mpya juu ya kiziwi. Hapo kusudi na biashara haviwezi kutenganishwa: kahawa ikiwa mbaya, kusudi limekufa, viziwi wakiondolewa, mkahawa umebaki kuwa mkahawa kama mingine.

Mfano wa pili upo Rungwe, mkoani Mbeya. Huko wakulima wadogo wa chai walikuwa kwa miaka mingi wauzaji wa majani mabichi tu. Jani likishapimwa, lilikuwa si lao tena. Viwanda vilipobinafsishwa, mwaka 2000 ikaundwa kampuni ya Wakulima Tea yenye viwanda vya Katumba na Mwakaleli, na wakulima, kwa njia ya chama chao, wakawa na sehemu ya hisa. Mkulima mwenye hisa huacha kuuliza bei ya jani peke yake. Huuliza kiwanda kinachoma kuni kiasi gani, chai imeuzwa wapi, na faida imekwenda wapi. Maswali hayo yana kelele, na mikutano yake ni mirefu, lakini ndiyo maswali ya mwenye mali.

KUSUDI LISILO NA HESABU

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusidanganyane. Kusudi jema peke yake halijazi rafu. Historia yetu inalo somo. Mwaka 1976 iliendeshwa Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kufungwa na nafasi yake kuchukuliwa na maduka ya vijiji na ushirika. Kusudi lilikuwa kumwondolea mwananchi unyonyaji wa mlanguzi. Lakini maduka mengi mapya hayakuwa na mtaji wa kutosha, wala watunza hesabu waliofunzwa, wala bidhaa za uhakika. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ilibidi sheria ya mwaka 1982 ivirudishe. Aliyeumia ni yule yule mwananchi aliyekusudiwa kusaidiwa, aliyekwenda dukani akakuta kaunta tupu.

Somo la pili ni la miaka ya karibuni. Miradi kadha wa kadha iliyoanzishwa kwa fedha za wafadhili imesimama vizuri kwa miaka mitatu, ikafa mwaka wa nne ufadhili ulipokoma. Kusudi lilikuwapo kwenye ubao wa mlangoni. Daftari halikuwapo. Kwa hiyo hatua hizi tatu hazirukwi. Asiyeweza kujilipa mshahara hawezi kumlipa kiziwi, wala yatima, wala mjane.

TURUDI KWENYE MBAO

Kule Igowole na katika Mufindi nzima kuna biashara moja inayoonyesha bei ya kusudi waziwazi: mbao. Wananchi wengi wamepanda misindano katika mashamba yao kama benki ya familia. Mti huo huhitaji miaka ipatayo 18 au zaidi ili utoe mbao imara. Lakini ada ya shule haingoji miaka 18. Mzazi akibanwa, huuza miti ya miaka minane au kumi kwa mwenye mashine ndogo ya kupasulia, ile ambayo wenyeji huiita "ding-dong". Mbao hutoka nyembamba na laini, sehemu kubwa ya gogo huwa vumbi, mkulima hupata fedha kidogo, na wewe wa mjini huezeka nyumba kwa mbao ambazo hupinda kabla bati halijapata kutu.

Tuseme kuna kijana mwenye mashine moja ya namna hiyo, aliyekwisha kuvuka kuganga njaa na ana daftari. Anaweza kuendelea kununua miti michanga, maana hiyo ni rahisi na ipo tele. Au anaweza kusema: kazi yangu ni kuuza mbao ambazo nyumba ya mtu itazitegemea. Akisema hivyo, hana budi kununua miti iliyokomaa kwa bei kubwa zaidi, kumlipa mkulima kitangulizi ili avumilie miaka michache, na kunoa misumeno yake ili asipoteze gogo. Mwaka wa kwanza atapata pungufu kuliko jirani yake. Hiyo ndiyo gharama, na asiyekuwa tayari kuilipa asijipambe kwa jina la kusudi.

Lakini mtazame baada ya miaka kadhaa. Mafundi wa Makambako na Dar es Salaam watakuwa wanaijua alama yake. Wakulima watamletea miti yao kwanza yeye, kwa kuwa anajulikana kwa haki. Jirani yake atakuwa bado anagombania bei na wenye mashine kumi wengine. Kusudi limemwondoa katika soko la kuigana.

MKAE KITAKO NYUMBANI

Jumapili ni siku nzuri kwa familia kukaa kitako. Kama mnao mradi, au mnafikiria kuanzisha mmoja kwa kiinua mgongo cha baba au akiba ya mama, chukueni karatasi mjiulize maswali matatu, na kila mmoja atoe jibu lake, watoto wakubwa nao wasikilizwe.

La kwanza: je, mradi huu unamlipa mshahara anayeufanya, au unalishwa na mshahara wa kazini? Jibu liandikwe kwa tarakimu.

La pili: je, mradi huu ukifungwa kesho, ni nani nje ya nyumba hii atakayepata hasara? Kama jibu ni "hapana mtu," basi mnauza kile kile wanachouza wengine, na mteja atawaacha kwa tofauti ya shilingi 50.

La tatu, nalo ndilo gumu: ni fedha gani ambayo tuko tayari kuikosa? Je, tutakataa kuongeza maji katika maziwa hata wiki ambayo hatuna ada? Je, tutamlipa kijana wa kazi kwa siku iliyopangwa hata kama tumeuza kidogo? Familia isiyokubaliana juu ya swali hilo mezani itagombana juu yake mbele ya mteja.

Msitazamie majibu yote siku moja. Kama mradi ungali katika kuganga njaa, anzeni na mkoba wa pili na daftari la safu tatu, na kusudi lisubiri kidogo. Kama umekwisha kusimama, ule mkutano wa Jumapili uwe wa kila mwezi, na daftari lifunguliwe mezani mbele ya wote.